Mtungi wa Nyar Kanyamwa

Usishike chungu kwa shingo. Ukiondoka hapa na neno hilo moja tu, mimi na wewe hatujapoteza asubuhi yetu. Shingo ya chungu ni kama sikio la mtoto: inaonekana imewekwa pale ili ishikwe, na ukiishika utajuta. Weka mkono mmoja chini ya kitako, mwingine ubavuni. Vua saa, vua pete. Na kabla hujakiinua, jua unakipeleka wapi. Wengi huinua kwanza, kisha wanasimama katikati ya chumba wakizungusha macho kama mtu aliyekamata kuku wa jirani.

Nawaambia nyinyi mnaoanza kazi ya makumbusho sasa. Mna vyeti na mna glavu, na hilo ni jambo jema. Mimi niliacha shule darasa la sita kule Ntimaru. Sikufukuzwa wala sikushindwa masomo. Barabara ilipita karibu mno na dirisha la darasa, basi. Nilibeba mizigo Isebania, nikakata miwa Awendo, nikachimba dhahabu Macalder bila kuiona, nikapakia barafu juu ya samaki Homa Bay. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyofanywa, kisha nikaanza kuwashwa nyayo.

Makumbusho nayo niliingia kwa udadisi. Kulikuwa na ghala kuukuu la pamba pale mjini, na watu walisema sasa limejaa vitu vya wazee na limefungwa kwa kufuli tatu. Nilitaka kuona kitu gani kinastahili kufuli tatu. Msimamizi alikuwa akitafuta mtu wa kumtengenezea rafu. Nikasema mimi ni seremala. Nilikuwa nimewahi kumshikia seremala mbao. Nilidhani nitakaa mpaka rafu ziishe, lakini rafu za makumbusho haziishi, nami nikazeekea mle.

Msimamizi huyo aliitwa Pamela. Sote tulimwita Madam, ingawa nilimzidi umri. Alikuwa mrefu, na miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu ili isidondokee vyungu. Siku yangu ya kwanza alinipa tofali, akaniambia nilizungushe chumba kizima kama vile ni yai. Nilipomaliza akasema, "Sasa rudi nalo, na usiniangalie mimi. Mimi sivunjiki." Hiyo ndiyo shule yangu ya pili, na hiyo sikuiacha.

Miaka hiyo ya tisini jerikeni za manjano zilikuwa zimeshaingia karibu kila boma. Akina mama wengi wa kufinyanga walikuwa wakipeleka vyungu sokoni na kurudi navyo. Pamela alikuwa na wazo lililomnyima raha. Katika ghala letu ngao, mikuki, pembe na vigoda vilikaa mbele, penye mwanga, na kadi zilizoeleza aliyevitengeneza na ukoo wake. Vitu vya wanawake vilirundikwa nyuma, chini ya ubao ulioandikwa "Vyombo vya nyumbani."

"Marwa," aliniambia siku moja, "huyu aliyechonga kigoda wanamwita msanii. Aliyefinyanga huu mtungi alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaosha vyombo?"

Akaamua chumba kizima cha mbele kiwe cha kazi za wanawake, kila kazi na jina la mwenyewe. Kukusanya tulikwenda wote wawili, yeye na maswali yake, mimi na lugha zangu.

Kwa shangazi yangu Ntimaru tulienda kuomba kibuyu cha maziwa, kile kilichosukwa shanga shingoni. Shangazi alimtazama Pamela, akanitazama mimi, akauliza, "Kibuyu changu kimemkosea nani hata kipelekwe kufungiwa mjini?" Alikubali baada ya chai mbili, kwa sharti kwamba mkanda wake wa ngozi upakwe samli. Pamela alisema samli huita wadudu. Shangazi akasema ngozi ikikauka hukatika na shanga zikamwagika, na wadudu hawajui kutunga shanga. Tukakubaliana samli kidogo sana, kwenye ngozi peke yake, na kitambaa cha kufuta. Mpaka leo ndivyo ninavyoshauri. Ngozi kavu ni adui wa shanga.

Ukuta wa mbele ulipambwa na mama mmoja kutoka upande wa Rongo, kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Alichora mistari iliyovunjikavunjika na miduara kama macho ya kanga. Pamela aliupenda ukuta ule hata akawa anawaza jinsi ya kuukinga na mvua. Kabla hajapata jibu, Krismasi ikakaribia, mama akarudi na ndoo zake, akausiriba ukuta wote na kuchora mambo mengine kabisa. Pamela alifika kazini akasimama na mkono mdomoni.

"Mama, ile ingine ilienda wapi?"

"Ilikuwa imechoka, Madam. Nyumba yenu ilikuwa imeanza kukaa kama nyumba haina mwanamke."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Pamela hakucheka siku ile. Alianza kucheka wiki iliyofuata, akiwa peke yake, akipanga kadi. Nilimsikia.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za mtungi.

Ulikuwa mtungi wa maji, aina ambayo Wajaluo huiita dapi: tumbo kubwa, shingo fupi, mdomo mwembamba. Ulitufikia zamani, ukiwa na ufa ubavuni uliozibwa kwa gundi na mtu tusiyemjua. Kuzunguka bega lake kulikuwa na ukanda wa alama ndogondogo, zile zinazopatikana kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Kadi yake haikuwa na jina la mtu. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata mimi, niliyekuja kwa ajili ya kufuli, nilikuwa nikiupitia jioni kabla ya kwenda nyumbani.

Kisha akaja Mama Consolata. Alikuwa mfinyanzi kutoka nje kidogo ya Oyugis, mama wa makamo, mabega mapana, sauti ya kuitia ng'ombe. Alileta vyungu vyake viwili kwa ajili ya chumba chetu. Alipouona ule mtungi aliviweka chini vile vyake, akauzunguka, akapitisha kidole juu ya ukanda wa kamba mpaka mahali ambapo ukanda ulikoma kabla ya kukutana na mwanzo wake. Palibaki pengo dogo.

"Huyu ni mamangu," alisema.

Pamela akamwomba aeleze. Consolata alisema mama yake hakuwahi kufunga ukanda. Watu walimcheka, wakidhani hajui kupima. Yeye alisema mtungi uachiwe mlango. Jina lake Akumu, lakini watu wote walimwita Nyar Kanyamwa, yaani binti wa Kanyamwa, maana kwao alikozaliwa ni Kanyamwa. Pamela aliandika kadi mpya hapo hapo, na Consolata akaisoma kwa sauti, kisha akaniambia niisome mimi pia, asikie inavyokaa mdomoni mwa Mkuria kama mimi.

"Nyar Kanyamwa," nikasoma.

"Wewe unasema kama unakohoa, wuoda, mwanangu. Lakini ameitika."

Tangu hapo kila alipokuja mjini alipita kuusalimu. Alizungumza nao kwa Kijaluo, akiuambia bei ya samaki na mambo ya mkaza mwana wake.

Siku ya kufungua chumba tuliwaalika akina mama wote waliotupa kazi zao, pamoja na kamati ya makumbusho na wageni wa mjini. Jua lilikuwa kali. Pamela alikuwa nje akipokea wageni, mimi nikipanga viti. Consolata aliingia akiwa amejifunga leso mpya, akautazama mtungi wa mama yake juu ya kile kistendi cha chuma tulichochomelewa na fundi, miguu mitatu myembamba. Akachungulia ndani. Ulikuwa mkavu.

Sasa elewa alichokiona. Kwake mtungi wa maji uliosimama mkavu mbele ya wageni ni aibu ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapa alikuwa mama yake. Jina lake lilikuwa limeandikwa pale kila mtu alisome. Akachukua ndoo, akaenda kwenye mfereji, akaujaza mpaka shingoni, akafunika kwa kisahani na kuweka kikombe juu. Wenzake walimsaidia. Hakuna aliyejificha. Mimi mwenyewe nilimwona na kikombe mkononi, nikafikiri amekuja kunywa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa katikati ya hotuba. Alikuwa akisema kwamba utamaduni ni chemchemi, nasikitika kuwaambia, ndipo tukasikia sauti ndogo, kama mtu anavunja muwa. Gundi ilikuwa imelainika. Mtungi ulifunguka ubavuni, ukakaa hivyo kidogo kana kwamba unafikiri, kisha tumbo lote likaanguka kutoka kwenye kile chuma na maji yakaja juu ya saruji kuelekea mstari wa mbele. Mwenyekiti aliinua miguu yake yote miwili na kuendelea kusoma. Nilimheshimu kwa hilo.

Consolata hakulia. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye maji, akafungua leso yake, akaanza kuokota vigae na kuviweka ndani.

"Mama, tafadhali, usiviguse," Pamela alisema. Alikuwa amekimbia, miwani ikining'inia kifuani. "Viache vilivyolala. Lazima nijue kila kimoja kilianguka wapi."

"Nani wa kuniambia nisimguse mamangu?"

"Si hivyo. Nitauunganisha."

"Nimeuvunja mimi. Naenda nao mimi."

Walikuwa wameshika leso moja, huyu upande huu, yule upande ule. Wageni walianza kutazama kazi nyingine kwa bidii kubwa. Mwishowe Consolata aliachia. Alivaa viatu vyake na kuondoka bila leso.

Pamela alivihifadhi vigae kwenye sinia la mchanga, akavifunika, na kwa siku kadhaa hakuvigusa. Kazi yake ilisema kitu kikiingia kwenye mkusanyiko hakitoki, hata kikiwa vipande. Kamati ilikuwa na hasira na ilitaka kuona mtungi umesimama tena, bila maneno mengi. Naye alimpenda Consolata. Alinituma Oyugis kurudisha leso, iliyofuliwa na kupigwa pasi, na kumsikiliza.

Nilimkuta akiponda kitu kwa jiwe. Hakunisalimu kwa furaha, ila alinipa jiwe jingine, na kwa watu wa kazi hiyo ni salamu. Tulikuwa tunasaga vigae. Na hapa, vijana, ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote ya kubeba vyungu. Udongo mtupu hauendi motoni. Ukiuchoma peke yake hupasuka. Mfinyanzi husaga vigae vya vyungu vya zamani vilivyovunjika, hupepeta, na kuchanganya unga wake na udongo mpya, ili kile kilichokwisha pita motoni kikifundishe kinachokwenda.

"Hivi ni vya nani?" nilimuuliza.

"Sijui. Naokotanga kwa jalala ya soko. Ingine labda ni kigae ya paa."

Akaniambia. Mama yake alisaga vigae vya mama yake mwenyewe, yaani nyanya yake Consolata, akavitia kwenye udongo wake. Naye nyanya alifanya vivyo hivyo. Nyar Kanyamwa alipofariki, Consolata alikuwa ameolewa mbali. Alipofika, wafiwa wa upande wa baba walikuwa wameshagawana vyungu vyote, kila mmoja achukue ukumbusho. Alikuta sakafuni alama za duara mahali vilipokuwa vimekaa.

"Vyungu vyangu ni vizuri, wuoda. Watu wananunua. Lakini vinatoka kwa jalala. Havina nyanya." Alipepeta unga kidogo. "Mama yuko pale kwa mchanga ya Madam, na mimi naponda takataka. Akiunganisha na gundi, itakuwa picha ya mtungi. Haitabeba maji, haitazaa. Mwambie hivyo."

Nilirudi nikamwambia Pamela kama nilivyoambiwa. Akasema, "Akivisaga, hakuna mtu atakayeuona tena. Watoto watakaokuja hapa hawatajua kulikuwa na mtu aliyeacha mlango kwenye ukanda."

Unaona ugumu ulipokuwa. Wote wawili walitaka yule mama asipotee. Nilizunguka ghala nikitafuta upande wa kusimama na sikuupata.

Pamela akamwita Consolata. Akaja, akakaa upande wa pili wa sinia, wameinamiana kama wanaochambua mchele. Hakuna aliyetaja leso. Walianza kugeuza vigae, kwa nje kwanza, wakitafuta ukanda. Kisha Pamela akasema tuvigeuze upande wa ndani, maana ndani mkunjo huonekana vizuri zaidi, na hilo ni kweli, lishikeni: kigae hujieleza kwa ndani.

Ndani hapakuwa laini. Kwenye vigae vya begani, mahali ambapo mkono wa mtu usingefika tena baada ya shingo kufungwa, kulikuwa na mabonde madogo yamepangana. Ni vidole. Nyar Kanyamwa alikuwa amesukuma udongo kutoka ndani huku akipiga kwa nje, na pale ambapo hakuna ambaye angeona, hakulainisha. Consolata aliweka vidole vyake kwenye mabonde. Havikuingia sawasawa.

"Alikuwa na mkono kidogo," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa namkumbuka mkubwa."

Pamela alivua miwani. "Mama, chukua. Chukua vyote. Nitajua la kuwaambia kamati."

Consolata alitikisa kichwa. Alichukua vigae vya begani, vyenye vidole kwa ndani na ukanda kwa nje, akavisukuma kimoja kimoja kuelekea upande wa Pamela.

"Hizi siwezi kusaga, nyathina, mtoto wangu. Jiwe itanikataa. Weka. Mimi nipe tumbo."

Ndivyo ilivyokuwa. Pamela aliunganisha shingo, bega na kitako, kwa mchanga, nyuzi na subira, mimi nikishika taa. Vigae vya tumbo, vile vipana visivyo na alama, viliondoka katika leso ile ile. Kwenye kadi aliandika kwamba sehemu ya mtungi imerudi kwa wafinyanzi. Kamati iliita mkutano, Pamela akawasomea sentensi hiyo, wakauliza maana yake, akaeleza, na mwenyekiti, yule wa miguu, akasema anaona ni sawa. Alikuwa na mama mfinyanzi, kumbe.

Kwa hiyo chumba chetu kilikuwa na mtungi wenye shimo ubavuni la kupitisha kichwa cha mtoto. Tuliuweka chini, kwenye duara la nyasi lililosokotwa, chuma tukakitupa. Wageni waliuliza kuliko kitu kingine chochote. Baadaye mkaguzi mmoja aliyetoka Nairobi aliinama, akachungulia, akauliza vipande vilivyobaki vimehifadhiwa wapi.

"Vingine viko Oyugis," Pamela alimjibu. "Vingine Rongo. Saa hizi nadhani vimebandikwa maharagwe."

Mkaguzi aliandika. Sijui aliandika nini.

Kabla ya hayo, Consolata alipochoma vyungu vya kwanza vya udongo uliotiwa unga wa vigae vile, alileta kimoja ghalani, cha kupikia, cheusi ubavu mmoja pale moto ulipokilamba. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri. Nilikimbilia kufuta mahali kwenye rafu, karibu na mtungi.

"Acha kitambaa yako. Hii si ya kuweka hapo. Hii ni ya Madam, ya nyumba yake. Apike."

Pamela alikibeba kwenda nyumbani, mkono mmoja kitakoni, mwingine ubavuni. Na hapo elimu yote ikamshinda. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kukinga vyungu na moto, maji, mafuta na mikono. Alikiweka juu ya kabati. Nilipomtembelea nilikiona pale, hakina hata vumbi. Nilimuuliza, akasema jiko lake la mkaa lina miguu mibovu. Nikalirekebisha jiko. Wakati mwingine akasema hana mboga zinazofaa.

Siku moja Consolata akaja mjini na fungu la kunde na maziwa kwenye chupa, akasema tunaenda kula kwa Madam. Aliingia, akakishusha chungu kutoka kabatini, akakipindua, akapitisha kiganja chini ya kitako, kisha akatuonyesha kiganja. Kilikuwa safi kabisa, bila masizi.

"Pamela," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "umemlaza mamangu njaa."

Pamela alifunga leso kiunoni, akawasha jiko, akakiweka chungu juu ya moto na kumimina maji, akarudi nyuma hatua kama mtu aliyewasha baruti. Tulisimama watatu tukisikiliza. Kililia kidogo, tsss, kikanyamaza, maji yakaanza kuchemka. Alitia kunde, akatia chumvi, akasahau kwamba ameshatia, akatia tena. Tulikula zote.